Tulivyoizika Bei ya Bia Igogo

Wajukuu zangu wa kaunta, tangu nikabidhi funguo mnaniuliza swali moja tu: Mama Vero, baa imekuachia nini? Imeniachia miguu inayojua mvua kabla ya redio, na masikio yanayomsikia mtu mwenye kiu asiye na hela akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Mengine niliyopata yalikwenda kwenye ada za shule. Mishahara sitaisimulia, maana haikuwa na masimulizi marefu. Nitawaeleza kazi, na nitawaeleza jinsi baa ya Igogo ilivyonusurika kuuzwa, kwa sababu nasikia huko mliko wanaisimulia kwa kuipotosha, eti kulikuwa na mganga. Hakukuwa na mganga. Kulikuwa na Dada Felista.

Niliingia Mwanza miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nikitokea Ukerewe, nyumba ya katekista. Baba nilimtumia salamu kwamba nimepata kazi kwenye nyumba inayohudumia wageni. Sikumdanganya. Wageni walikuwepo, na walihudumiwa mpaka wengine wakasahau walikotoka.

Siku ya kwanza alinipokea Dada Felista, mkuu wa kaunta, Mhaya wa Muleba, mjane. Alikuwa mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, na akisema jambo ilibidi walevi wanyamaze ili walisikie, basi wananyamaza. Alinifunga opena kiunoni kwa uzi wa nyavu. Ile opena ilichongwa kutoka kwenye springi ya lori, na ingeweza kufungua hata mdomo wa bahili. Akaniambia, "Hii ikipotea, afadhali upotee nayo."

Basi nikaingia kazini kwa bidii ya mtoto wa katekista. Nikaona meza moja imejaa chupa tupu, wanaume wanne wameizunguka. Nikajisemea, uchafu gani huu, nikazizoa zote nikazipeleka nyuma kwenye makreti. Niliporudi wale wanaume walikuwa wamesimama, wananitazama kana kwamba nimewaibia mtoto. Mmoja akaniuliza taratibu, "Binti, sisi tumekukosea nini?"

Felista alizirudisha yeye mwenyewe, chupa moja moja, kila moja mbele ya mwenyewe, na hakuna aliyebisha. Kisha akanivuta pembeni. Chupa tupu hapa haiondoki mezani mpaka mnywaji ainuke, akaniambia. Ile ndiyo risiti yake. Na zaidi ya risiti, ile ndiyo heshima yake: jirani akipita aone kwamba leo fulani kakaa vizuri. Akanionyesha jinsi mtu wa chupa moja anavyosogea kukaa karibu na mtu wa chupa sita, akaisukuma yake pale katikati, ili mpita njia asijue mpaka uko wapi.

"Hiyo ni mipaka ya nchi, Vero," akasema. "Wewe usiiguse. Watapigana wenyewe wakitaka."

Mambo mengine aliyonifundisha mnayajua, ingawa hamyafuati. Bia hufunguliwa mbele ya mnywaji, siyo kaunta. Uliza baridi au moto kabla hujainama kwenye friji, maana Msukuma wa mnadani aliyekuja na kikohozi chake anataka ya moto, iliyokaa kwenye kreti, na ukimletea ya baridi ataishika shavuni akuangalie kwa huruma. Anayesema "nitalipa mimi" kabla ya kukaa, hakikisha anakaa mbali na mlango. Na mlevi akianza kulia usimbembeleze. Mpe supu.

Mwenye baa alikuwa Mzee Masanja, Msukuma wa Magu, mtu wa minada ya ng'ombe. Alikuwa na kofia ya pama aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nyie hamkumbuki, lakini kabla ya enzi za ruksa bia ilitafutwa kama dawa, na ukiipata hukuuliza aina. Halafu ruksa ya biashara huria ikaja, zikaja bia za kila rangi ya lebo, za kwetu na za jirani, na kila mwenye ua akaweka viti akaita baa. Masanja akafikiri kimnada: wengi wakiuza kitu kimoja, wa bei ya chini ndiye anayerudi nyumbani bila ng'ombe. Akauza mifugo, akanunua ile nyumba ya Igogo, akaiita Bei Chee. Juu ya kaunta alitundika ubao mweusi, na hapo bei ya bia iliandikwa kwa chaki, kubwa, ili hata aliyeko barabarani aisome. Ilikuwa chini kuliko baa yoyote mjini.

Mipango yake ya kupanua aliipanga kwa vizibo. Alikaa mezani, akaweka kizibo kimoja: Igogo. Akaweka cha pili ng'ambo ya sahani ya nyama: Kamanga, kwenye feri. Cha tatu: Busisi, kwenye feri nyingine. Kisha akaendelea, Geita, Biharamulo, mpaka meza ikaisha na kizibo kimoja kikaangukia sakafuni. Akasema hicho ni Rwanda.

"Mzee," Felista akamuuliza, "na kiwandani wakipandisha bei?"

"Bei Chee haipandi."

"Hata wao wakipandisha?"

"Hata wakipandisha, haipandi."

Felista akaokota kizibo cha Rwanda akakirudisha mezani.

Kamanga ilitutendea haki. Mtu akishuka kwenye feri kutoka mjini ana upepo wa ziwa kifuani na hajaanza kuulizwa maswali na mkewe, na hapo katikati ndipo tulipoweka viti. Nilifanya kazi Kamanga miezi kadhaa nikifundisha wasichana, na neno langu la kwanza kwao lilikuwa chupa haiondoki mezani.

Busisi ndiyo iliyotupiga. Siku hizi mnapita juu ya daraja mkila karanga, hamwezi kuelewa kivuko kilikuwa nini. Mabasi, malori, pikapu, vyote vilipanga foleni vikisubiri feri irudi kutoka Kigongo, na watu walikuwa na saa nzima, hata zaidi, ya kukaa bila kazi. Masanja alisema Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga pale pawe baa. Akajenga. Na kwa kuwa pana vumbi na upepo, akazungushia ukuta wa matofali, mrefu kuliko mtu, ili mteja anywe kwa staha. Siku ya kufungua tulikwenda wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wengine, nikasema hakuna baa yenye ukuta kama huu kanda nzima.

Na kweli haikuwepo, na sababu tukaijua siku hiyo hiyo. Mteja aliingia, akakaa, nikamfungulia. Akapiga funda moja, akasikia injini, akakimbia nje kutazama. Haikuwa feri. Akarudi. Akapiga la pili, akasikia honi, akatoka mbio na glasi yetu. Mtu anayesubiri feri hawezi kunywa mahali asipoliona ziwa, hata umwekee kiti cha askofu. Ndani ya wiki wote walikuwa wamehamia kwenye benchi la mama ntilie, juani, vumbini, wakinywa chai na macho yao majini. Ndani ya ukuta tulibaki mimi, friji, na dereva mmoja aliyekuwa amelala.

Masanja aliuvunja ule ukuta mpaka usawa wa kiuno. Kwa hiyo alilipa mafundi wa kujenga, akalipa mafundi wa kubomoa, na wa kubomoa walikuwa wale wale wa kujenga, tena wakacheka. Alipomaliza, mfuko ulikuwa mtupu na Busisi ilikuwa bado haina paa upande mmoja.

Hapo ndipo macho yake yalipogeukia Igogo. Kulikuwa na bwana mmoja wa vipuri vya magari aliyekitaka kile kiwanja ajenge stoo. Na wakati huo huo kiwanda kikapandisha bei ya bia. Mara ya kwanza Masanja alijikaza, akauza kwa bei ile ile. Mara ya pili akajikaza tena, akawa anauza kwa hasara na kutabasamu kwa hasara. Mara ya tatu alikuja alasiri moja, akasimama kaunta, akavua kofia.

"Felista, kesho andika bei mpya. Sina namna. Wateja wakikaa, Igogo itakaa. Wakikimbia, nauza kiwanja nimalizie Busisi."

"Na mimi, mzee?"

Masanja akaitazama kofia yake. "Utakwenda kwenu kidogo. Nikisimama, nitakuita."

Sasa nielewe­ni vizuri, maana hili ndilo lenyewe. Felista hakuwa na kwao. Mumewe alipofariki, shemeji zake waligawana shamba la migomba kabla hata majivu ya moto wa msibani hayajazolewa. Alitoka Muleba na watoto watatu na mama mkwe wake, ambaye alikataa kubaki na wanawe waliofanya vile. Wote watano waliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya baa ile. Kama kiwanja kingeuzwa, asingepoteza kazi tu. Angekuwa barabarani na bibi wa watu mkononi. Mimi niliyasikia maneno yale nikiwa nimeinamia kreti.

Kesho yake Felista aliandika bei mpya kwa mwandiko wake mzuri. Wateja waliingia, wakasoma ubao, wakausoma tena kwa sauti, mmoja akaukaribia akidhani labda ni inzi katua kwenye tarakimu. Kisha wakatoka wote. Hawakwenda mbali, na hiyo ndiyo iliyouma. Walivuka barabara wakakaa kwenye benchi la fundi viatu, wakitutazama, wakinywa soda. Mtu mzima na ndevu zake ananyonya mrija huku anakuangalia machoni! Siku tatu ikawa hivyo. Fundi viatu alilalamika hana pa kuweka viatu.

Kiongozi wa mgomo alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo, mstaafu wa reli, aliyeletwa Mwanza na treni akasahau kurudi nayo Dodoma. Alikuwa mtani wa Masanja. Mnajua Wagogo na Wasukuma ni watani tangu zamani, lakini nyie utani mmeufanya wa kutumiana vikatuni kwenye simu. Mtani wa enzi zile alikuvua kofia mbele ya wakwe zako, akakuambia ng'ombe wako wamekonda kwa sababu wanakuangalia wewe, na hukuruhusiwa kukasirika. Ukifiwa, mtani alikuja akakalia jeneza, akasema haliondoki hapa mpaka nilipwe. Na ulilipa, tena kwa kucheka. Anayekasirikia utani ameshindwa, na atasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Siku ya nne Felista alijifunga kanga kichwani, ile ya kwenda msibani, akavuka barabara. Mimi nikamfuata nyuma, kwa umbea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kutubembeleza, geuka."

"Sikuja kubembeleza. Nimeleta taarifa ya msiba."

Ndahani akatoa mrija mdomoni. "Nani tena?"

"Bei ya zamani. Imefariki baada ya kuugua muda mfupi. Mfiwa ni mtani wako Masanja, na leo ni siku ya nne hakuna mtani hata mmoja aliyefika. Wewe umekaa kwa fundi viatu unanyonya soda. Wasukuma watawasema vipi Wagogo?"

Mzee Ndahani akamtazama Felista, akaitazama baa, akaitazama ile soda kama kitu alichopakaziwa.

"Marehemu kaacha watoto?"

"Kaacha wanywaji. Na mjane."

"Mjane nani?"

"Mimi niliyekuwa namfuta vumbi kila asubuhi. Na sasa wanataka kuiuza nyumba aliyotuachia." Hapo hakuwa anatania tena. "Mimi nimekuwa mjane mara mbili, mzee. Mara ya kwanza sikuwa na mtani karibu."

Ndahani aliweka soda chini, akasimama, akavaa koti lake la reli. "Fundi," akasema, "tukopeshe benchi. Kuna msiba."

Jioni ile, jua bado liko juu ya mawe ya mlimani, tulikuwa na matanga kamili pale Bei Chee. Mabenchi nje ya mlango. Kreti tupu katikati, limefunikwa kanga, ndani yake kipande cha chaki kilichoandika bei ya zamani. Mama mkwe wa Felista aliletwa akakalishwa mbele kwenye mkeka, kwa kuwa msiba usio na bibi hauna uzito, na yule bibi alishika tama kwa namna ambayo hata mimi nikaanza kusikia uchungu. Ndahani akasoma wasifu, na hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

"Marehemu alizaliwa mfupi," akasema, "akaishi mfupi, akafa kwa kurefushwa. Hakumwonea mtu. Maskini walimjua kwa jina. Wenye mishahara walimfikia mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi pia. Hakuwahi kumfukuza mtu nyumbani kwake."

"Ni kweli," watu wakaitikia.

Waliopita barabarani wakauliza kuna nini, wakaambiwa msiba, wakakaa. Nani anapita msiba bila kukaa? Wakaja vijana wa kiwanda cha minofu ya samaki na mabuti yao ya mpira. Akaja hata mlokole wa nyumba ya pili, akatoa pole, alipogundua nani kafa tayari alikuwa ameshika glasi ya maji na watu wamemshukuru. Na wakati wa maombolezo koo hukauka. Mmoja akanong'ona, "Vero, nipe moja, ya kumsindikiza marehemu." Nikamfungulia kwa bei mpya. Akalipa. Msibani hakuna mtu anayeuliza bei. Mpaka tunawasha taa, mipaka ya nchi ilikuwa imejaa juu ya kila benchi.

Kisha likaja pikapu la Masanja. Akaona umati, kanga, bibi kwenye mkeka. Uso wake ukabadilika. Akashuka taratibu, akavua kofia, akaingia kwa kuinama, akiwapa watu mikono: poleni, poleni sana, kazi ya Mungu. Alipofika kwa Ndahani akauliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

Ndahani akamnyang'anya kofia, akaivaa.

"Umemuua mwenyewe, mtani, halafu unaniuliza nani? Bei yako!"

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha mtoto wa jirani. Masanja alivimba shingo. Afanyeje? Akikasirika ameshindwa. Ndahani akaenda akakalia kreti.

"Haizikwi," akasema, "mpaka watani tulipwe."

"Sema. Kreti mbili? Tatu?"

Watu wote walimeza mate. Wajukuu zangu, niliwaona wanaume wazima wakimwomba Mgogo yule kwa macho aseme tatu. Ndahani akamtazama Felista, aliyesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Sitaki bia. Marehemu kaacha nyumba na mjane. Mila yenu na yetu ni moja: mali ya marehemu haiguswi mpaka arobaini. Kubali mbele ya hawa, niondoke juu ya jeneza."

Masanja akacheka, lakini kicheko kilitoka upande mmoja. "Arobaini basi. Ila msijidanganye. Hawa wamekuja msibani. Msiba ukiisha watarudi kwa fundi viatu, na mimi nitauza."

Alikuwa anasema kweli, na Felista alijua. Lakini kabla ya arobaini kufika, kiwanda kikapandisha tena. Sijui ilikuwa kodi, sijui mafuta, wao walikuwa na sababu za kutosha, kila lori lilikuja na yake. Ndahani akaleta benchi. Tukazika tena, na hesabu ya arobaini ikaanza upya. Haikuisha, bei nyingine ikafariki. Mwaka ule tulizika mpaka tukawa na utaratibu: nani anabeba kreti, nani analia kwanza, nani anamshika bibi. Watu walitoka Kirumba na Nyakato kuja kuzika kwetu, wakati kwenye mitaa yao bei zilikufa vile vile, ila zilizikwa kimya kimya kama wasio na ndugu. Masanja alikuwa mfanyabiashara wa kwanza niliyemwona akikichukia kiwanda kwa kupandisha bei na kumwingizia wateja siku hiyo hiyo. Bwana wa vipuri alikuwa anakuja kila mwezi kuulizia, anaambiwa bado tuko msibani, anaondoka akitikisa kichwa.

Halafu bei ikagoma kupanda. Viwanda vilikuwa vimeanza kunyang'anyana wateja, na kila kimoja kiliogopa kuwa cha kwanza. Wiki zikapita, ubao ni ule ule. Nyuma ya baa Felista alianza kufunga vyombo kwenye maboksi. Wateja wakaanza kukosa usingizi. Lori la bia likifika walilizunguka.

"Dereva, hakuna habari mbaya?"

"Hakuna. Bei ile ile."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Walirudi kukaa wakiwa wanyonge kabisa. Mmoja, mpagazi wa sokoni, mtu asiyejua kesho atakula nini, alisikika akimwomba Mungu bia ipande. Mlokole wa nyumba ya pili alimkemea, kisha akaelezwa kuhusu vyumba viwili vya nyuma, na watoto, na bibi. Akafikiri. Akasema ataliweka jambo hilo kwenye maombi bila kulitaja jina.

Arobaini ikafika, mchana mweupe. Asubuhi lori lilishusha bia kwa bei ile ile. Alasiri Masanja akaja na bwana wa vipuri, na yule bwana alikuwa na tepu ndefu ya kupimia. Wakaanza mlangoni kuelekea nyuma. Walipita katikati ya meza, tepu ikiburuzwa sakafuni. Ndahani alikuwa ameinamisha kichwa. Huko nyuma nilimwona mama mkwe wa Felista ameketi kwenye kigoda chake, akainua miguu yote miwili ili tepu ipite chini yake. Hakuuliza kinapimwa nini. Aliishikilia miguu yake juu mpaka wakamaliza upande wake.

Felista naye aliona. Akachukua kitambaa chenye maji, akapanda juu ya kreti, akafuta ubao. Akachukua chaki. Akaandika bei mpya, ya juu kuliko ya asubuhi, ya juu kuliko baa yoyote ya Igogo, kwa mwandiko ule ule mzuri. Akashuka, akajifunga kanga kichwani, akasimama nyuma ya kaunta.

Ndahani aliinua kichwa, akasoma. Akasoma tena. Akasimama taratibu, akaweka mikono miwili kichwani, akatoa ukelele wa msiba ambao naamini ulisikika Kamanga. Na baa nzima ikaitikia. Benchi likaja, kreti likaja, kanga ikaja. Wale wale waliotukimbia kwa soda wakajipanga kaunta, kila mtu hela mkononi, wanagombania kununua kwa bei mpya: "Mimi, Vero! Anza na mimi!" Mpagazi wa sokoni alikuwa analia machozi ya kweli na anacheka.

Masanja akaja mbio kutoka nyuma.

"Kiwanda kimepandisha?"

"Hapana, mzee," Felista akasema.

"Nani kapandisha?"

"Mimi."

"Wewe? Unapandisha bei, Bei Chee, bila mimi, bila kiwanda?"

"Ndiyo, mzee." Sauti yake ndogo, na wote tukanyamaza ili tuisikie. "Pole kwa msiba."

Masanja alisimama pale. Miaka yote ya minada hakuwahi kuona watu wakisukumana ili walipe zaidi. Alimtazama Felista, akautazama ubao, akawatazama watu, mmoja mmoja, nao wakamtazama. Nyuma yake bwana wa vipuri alitokeza na ncha ya tepu.

"Mzee, tuendelee? Nimebakiza upande wa choo."

Masanja akaivua pama yake, mwenyewe akampa Ndahani kabla hajanyang'anywa. Akavuta benchi, akakaa katikati ya wafiwa.

"Ndugu yangu, utusamehe," akamwambia. "Nyumba hii haiuzwi. Tumefiwa."

Yule bwana akaanza kuikunja tepu yake, polepole, kutoka nyuma hadi mlangoni, na kila meza aliyoipita watu walimpa mkono na kumwambia pole.